Vioo Watapanda

Toledo, Ohio
Jumapili, 6 Aprili

Dada Ilka, baharia usiye na bahari,

Bibi anasema barua huanza kwa kuulizia hali. Hali yako naijua: unapigiwa kelele tangu alfajiri, unakunja soksi, simu yako imefungiwa kabatini mpaka umalize mafunzo ya jeshi la majini, na habari za dunia unazipata kwa huruma yangu. Mimi sijambo, mzuri wa sura kama ulivyoniacha, bado nafunga matairi kwa Bwana Haddad, naye bado ananililia nisiwaibie wateja wake kwa maneno matamu.

Sasa kaa chini, kama wanakuruhusu. Leo baada ya kanisa Bibi Etelka alizima televisheni mchana kweupe. Tukadhani amekufa mtu. Akasema, "Nina miaka themanini na miwili. Magoti haya yamebakiwa na ngazi za msimu mmoja, labda miwili. Nataka kujua viti vyangu namwachia nani."

Viti, Ilka. Vile viwili vya safu ya tisa. Watu wanaoa na kuzeeka wakiwa kwenye foleni ya tiketi za msimu za Vioo, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, na sisi tunavyo tangu Babu alipokuwa kijana wa kiwandani.

Mjomba Feri akakohoa kidogo. "Mama, mimi ndiye kifungua mimba."

Bibi akamwambia, "Najua. Nilikuwepo."

Basi amri imetoka. Ule ubashiri wetu wa kila mwaka, ambao mshindi alikuwa anaketi tu kando ya Bibi, mwaka huu ni wa viti vyote viwili, na jina kwenye tiketi. Kila mtu aandike Vioo watafanya nini siku ya uteuzi, timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu: watabaki kwenye zamu yao ya kumi na moja, watapanda au watashuka, na watamchagua kijana gani. Ukipata hatua ukakosa jina, hujapata kitu. Bahasha ziende kwa posta, ili na wewe usionewe, na mhuri uwe wa kabla ya Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Wakipata wawili, mwenye mhuri wa kwanza ndiye. Asipopata mtu, viti ni vya Mjomba.

Na Mjomba ameshasema atakachofanya, mdomo umejaa soseji: atauza tiketi za mechi moja moja mtandaoni, na ya Detroit ndiyo yenye faida. Watu wa Detroit, dada, mahasimu wetu, kwenye kiti cha Babu.

Lakini usitokwe na jasho. Mdogo wako ameshaona. Vioo watapanda. Kutoka kumi na moja hadi tatu. Watatoa zamu za mwaka huu na za mwakani, kama mtu anayeuza ng'ombe na ndama wake, ili wamchukue Dallin Roark. Ndiyo, yule mrushaji mfupi wa chuo cha Montana. Cheka. Wewe umeshinda miaka mitatu mfululizo, sasa pumzika, uachie wenye vipaji.

Ni mimi, kichwa cha ukoo,
Tibi


Great Lakes, Illinois
Jumapili, 13 Aprili

Tibi, nabii wa karakana,

Jumapili ndiyo siku tunayopewa saa chache za kuandika, na nimezipoteza kukusoma wewe. Wasichana wa kitanda cha jirani waliniuliza nacheka nini. Nikawaambia nina ndugu aliyeacha shule ili awe mjinga kwa muda wote.

Roark? Yule akisimama nyuma ya walinzi wake, wadakaji hawamwoni. Wewe umeona tu wakubwa wa Vioo walisafiri hadi Montana kumtazama, ukameza chambo na ndoano. Hujui huu ni mwezi gani? Mwezi huu meneja wa timu akipiga chafya, chafya yenyewe ni ya uongo. Wamekwenda kule ili wengine waone wamekwenda. Wanataka timu nyingine iogope, ije kuwasihi, iwape zamu tele ili ichukue ile yetu ya kumi na moja. Vioo watashuka, Tibi. Watashuka mpaka kumi na saba hivi, wachukue lile pande la mlinzi kutoka Georgia, Cortland Beasley. Mrushaji wetu alianguka kila Jumapili mwaka jana kama embe bovu kwa sababu hana ukuta, si kwa sababu ni mrefu.

Hata hivyo niambie zaidi. Huku sioni gazeti wala redio. Kwa nini una uhakika hivyo? Nitamwandikia Bibi Jumapili ijayo, na sitaki viti viende kwa Mjomba kwa sababu tu mimi nimefungiwa gizani.

Niko mzima. Chakula kingi, muda wa kukila hakuna. Kuna habari moja ya bwawa la kuogelea, lakini hiyo si ya barua.

Mbusu Bibi.
Dada yako,
Ilka


Toledo
Alhamisi, 17 Aprili

Dada mwenye shaka,

Umeuliza kwa nini. Haya, shika kalamu, andika.

Kwanza: mtu anayetaka kudanganya huenda Montana siku ya jua, na wapiga picha. Hawa walikwenda mwezi wa tatu, theluji imefika magotini, wakamtazama mtoto anarusha mpira kwenye uwanja uliofagiliwa kwa mafagio. Nani anasafiri kula baridi kwa ajili ya uongo? Uongo wa kweli ni ule wa starehe.

Pili: mwenye timu alikwenda mwenyewe. Mzee yule hata harusi ya bintiye alitoka kabla ya keki. Hawezi kukaa na kungoja zamu ya kumi na moja. Mtu wa namna hiyo akiona kitu dukani haombi punguzo, anavunja kioo cha dirisha.

Tatu: nimemtazama Roark. Mechi zake zote, Ilka, hata zile zilizopigwa picha na mzazi anayetetemeka mikono. Akizungukwa na majitu manne hachungulii pa kukimbilia. Anasimama. Anangoja mdakaji wake afike, hata kama ubavu unavunjwa. Sijui neno lake la kisomi, lakini nikimwona nasimama na mimi, kwenye kochi.

Mjomba alinikuta hapa kwa Bibi jana, nikimpangia Bibi chupa mezani kama wachezaji. Yeye anasema watabaki pale pale kumi na moja na kumchukua mdakaji wa Texas, Tremont Gaddis. Akaniuliza, "Wewe Tibi, ulipata ngapi za hesabu kabla hujafukuzwa?"

Nikamwambia, "Sikufukuzwa, Mjomba. Niliwaacha."

"Na hao Vioo watapanda kwa akili yako?"

"Watapanda kwa akili yao. Mimi nimewatangulia tu kufika."

Bibi akacheka mpaka akaishika meza. Karakana nzima wananiita Montana sasa. Bwana Haddad ananiuliza kila asubuhi kama nimeleta farasi. Waache. Sibadiliki, dada. Wanifunge minyororo, wanitundike kwenye mashine ya kunyanyulia magari, nitasema kichwa chini miguu juu: watapanda, Roark. Kesho naipeleka bahasha posta kwa mikono yangu hii mizuri.

Ni mimi,
Tibi, anayeitwa Montana na wivu wa watu


Great Lakes
Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tibi,

Barua yako imenifikia jana. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyostahili.

Nimeshamwandikia Bibi. Nilichoandika sikuambii, ili upate kitu cha kukunyima usingizi. Bahasha inaondoka kesho asubuhi na mfuko wa barua wa kikosi.

Nilipewa kipande cha keki leo nikakitazama kwa hasira, maana nilikuwa nafikiria mkate wa Bibi wa kokwa za jozi. Nimewaza pia habari ya kusimama wakati umezungukwa. Nitakueleza.

Ilka


Toledo
Ijumaa, 25 Aprili

Dada,

Leo sina jina la kukutania.

Bado hujui, kwa hiyo nakwambia. Jana jioni tulikuwa wote kwa Bibi. Yeye amevaa ile fulana ya Babu, Mjomba ameleta pombe kabla ya ushindi, mimi nimekaa sakafuni. Timu ya kwanza ikachagua, ya pili ikachagua. Halafu mtangazaji akashika sikio, akasema kuna mabadiliko: zamu ya tatu imeuzwa. Nikajua kabla hajamaliza. Vioo wamepanda. Wametoa zamu zao kama mwehu anayegawa nguo, wakapanda hadi tatu, na akatoka Dallin Roark, ana kofia yetu, mfupi hata kwenye televisheni.

Mtaa wote ulilipuka. Watu walitoka na masufuria barabarani. Bibi alisimama bila fimbo. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, "Tibi, Tibi, wewe mtoto." Mjomba akaisukuma chupa yake chini ya kiti.

Halafu Bibi akafungua bahasha yangu.

Ilka, mle ndani hamkuwa na Roark. Iliandikwa: watashuka, Beasley. Maneno yako.

Nilikuwa na bahasha ya Roark mfukoni Ijumaa ile, naapa. Nimesimama kwenye foleni ya posta, mbele yangu mteja wetu mmoja, akageuka: "Ee, Montana, farasi yuko wapi?" Foleni nzima ikacheka. Nikacheka na mimi. Na wakati nacheka nikawaza: Ilka hajakosea miaka mitatu. Mimi nimewahi kupata nini? Nikinunua tairi lenyewe linapasuka. Hivi ni viti vya Babu, si mchezo. Nikanunua bahasha nyingine pale pale.

Bibi aliisoma mara mbili. Mjomba ndiye aliyesema: "Kumbe nabii ana dini mbili." Akafungua chupa.

Yake ilikuwa Gaddis, amekosa. Yangu imekosa. Yako haijafika, lakini sote tunajua imesema nini, maana ulinieleza mwenyewe. Bibi amekataa kutoa hukumu mpaka ifike. Mjomba ameshazipiga picha tiketi ili aziweke mtandaoni.

Mara moja, dada. Mara moja katika maisha yangu niliona kitu ambacho hakuna aliyekiona, na nikakibadilisha kwa sababu ya farasi.

Tibi


Great Lakes
Jumapili, 27 Aprili

TIBI, WEWE SHETANI,

Tunaye mkufunzi mmoja mtu wa Detroit, mwanamke mwenye sauti ya honi ya treni. Ijumaa asubuhi tumesimama mistari, akaja puani mwangu: "Halmos! Vioo wenu wameuza nyumba wakanunua kibete!" Sheria ni kutotikisika. Sikutikisika. Lakini ndani, ndugu yangu, nilikuwa nacheza.

Umeshinda. Umeshinda, nami nakuvulia kofia, na huku kofia haivuliwi ovyo. Ulisema watapanda, ukasema tatu, ukasema Roark, ukiwa peke yako na dunia nzima inakucheka.

Na sasa siri yangu. Mimi pia niliandika Roark. Usijivune sana. Ile barua yako ya theluji na mafagio iliniingia. Nikaona ya kwangu ni ya hesabu tu, ya kwako ina mtu ndani. Bahasha yako imepigwa mhuri kabla ya yangu, kwa hiyo viti ni vyako kisheria, na ndivyo ninavyotaka. Nataka kusikia uso wa Mjomba ulikuwaje. Andika kila kitu, usiache hata kope.

Dada yako aliyeshindwa kwa furaha,
Ilka


Toledo
Jumatano, 30 Aprili

Ilka Ilka Ilka,

Sijui barua yangu imekufikia au bado. Kama bado, ukiipata ichome. Kama imefika, basi unajua nilivyo.

Bahasha yako kwa Bibi imefika jana. Bibi hakuifungua, akatuita wote tule kwanza gulyash, ile supu yake ya nyama. Mjomba amekuja na mnunuzi wa mechi ya kwanza kwenye simu, anamwambia ngoja, ngoja kidogo. Bibi akapangusa kisu, akachana bahasha, akavaa miwani, akasoma. Akaivua miwani. Akaivaa tena.

"Watapanda," akasema. "Zamu ya tatu. Roark."

Nilidondosha kijiko ndani ya supu ya Mjomba. Sikukusudia, lakini sikujuta. Mjomba akaishika bahasha, akaupeleka mhuri dirishani, akaukwaruza kwa ukucha. "Hii imeandikwa baadaye. Wanajeshi wana hila."

"Feri," Bibi akasema, "huo ni mhuri wa serikali. Ukiendelea kuukwaruza watakufunga, nami sitakuletea chakula." Kule kwenye simu mnunuzi anaita halo, halo. Nikaichukua simu nikamwambia viti vimekwenda baharini.

Nimemkumbatia Bibi, nimemkumbatia hata Mjomba, ambaye alikuwa mgumu kama tairi la trekta. Halafu leo asubuhi ndiyo imekuja barua yako, ile ya kunipongeza. Nimeisomea chooni karakana. Dada, uliandika Roark kwa ajili ya maneno yangu, siku mbili baada ya mimi kuyakana.

Nilimwambia Bibi: ule ubashiri ni wangu. Ilka mwenyewe atakwambia.

Akasema, "Nakuamini. Mimi si niliziona chupa zako mezani?"

"Basi?"

"Basi nini? Maneno ni yako, aliyeyatia kwenye bahasha ni yeye. Viti ni vya Ilka."

Na anasema kweli, ndiyo inayoniuma. Lakini nina furaha, Ilka, sielewi. Nalia na kucheka kama mlevi wa harusi. Bwana Haddad ameniambia nirudi nyumbani kabla sijafunga tairi kichwa chini.

Tibi


Great Lakes
Jumapili, 4 Mei

Tibi,

Zote mbili zimenifikia siku moja. Nikasoma ile ya aibu kwanza.

Sasa nakueleza ya bwawa. Hapa kila mtu lazima aruke kutoka mnara majini, futi kumi. Ukikataa unarudishwa nyuma, ukiendelea kukataa unarudishwa nyumbani. Mimi, niliyekulia kando ya ziwa, nilipanda nikashuka. Nikapanda tena, nikashuka kwa ngazi, wenzangu wanatazama. Nilikuwa nimeanza kupanga nitakavyowaambia nyumbani.

Ndipo ikaja barua yako ya Roark. Nikajisemea: huyu hajui kitu, hajamaliza shule, mji mzima unamcheka, naye anasimama kwenye kochi. Nikamwandikia Bibi Roark usiku huo wa Pasaka, na Jumatatu nikapanda mnara nikaruka. Nimeruka kwa imani yako, mpumbavu wewe, kumbe mwenyewe ulikuwa umeshashuka kwa ngazi.

Nimecheka mpaka mtu wa Detroit akaja kuuliza kama ninaumwa.

Sikiliza basi, maana sasa naongea kama mwenye mali. Viti ni vyangu. Nikimaliza hapa napelekwa Japani, na viti havifiki Japani. Kimoja ni cha Bibi mpaka magoti yake yaseme vinginevyo. Cha pili utakikalia wewe. Hii si zawadi, ni kazi. Kila baada ya mechi utaniandikia ulichoona wewe, si walichosema karakana. Nikigundua umeandika ya watu, nampa Mjomba.

Mimi nilikuamini. Jaribu na wewe.

Ilka


Toledo
Jumapili, 14 Septemba

Mheshimiwa mwenye viti, Yokosuka, Japani,

Naripoti kazini. Mechi ya kwanza ya nyumbani, safu ya tisa, jua usoni. Kumpandisha Bibi ngazi ilikuwa safari yenye vituo, na kila kituo alisalimia mtu. Wote wamekuulizia. Nimewaambia unaendesha meli. Najua unapaka rangi meli.

Roark ni mfupi kweli. Alipotoka, Detroit waliimba wimbo wa watoto wa chekechea. Robo ya kwanza alikula nyasi mara nne. Ya pili, akatoa pasi moja kati ya mikono ya watu watatu, Ilka, sijui ilipitia wapi, uwanja mzima ulivuta pumzi, na mzee wa nyuma yetu akamwaga bia yake mgongoni kwangu akanishukuru.

Sasa mwisho. Tumebaki nyuma kwa pointi nne, hatua tano tu kufika kwenye mstari, nafasi moja tu ya kucheza mpira imebaki. Bibi akanishika goti: "Tibi. Atarusha au atakimbia?"

Safu yetu yote ikageuka. Wanaijua hadithi ya viti, Bibi amewahadithia bila huruma. Nikasema, "Atarusha. Kona ya kushoto."

Jirani yetu akacheka: "Hatua tano? Atampa yule mnene abebe." Wengine wakadakia, mnene, mnene. Bibi ananitazama tu. Nikahisi ile foleni ya posta, dada, joto lile lile la masikio. Nikasema tena, kwa sauti, nimesimama, "Atarusha. Kushoto."

Roark akaupokea mpira. Akatazama kushoto, akanyanyua mkono, moyo wangu umefika Japani. Halafu akaushusha, akauficha mpira kifuani, akapita kulia katikati ya miguu ya yale majitu kama paka chini ya uzio, akaanguka ndani ya mstari.

Tumeshinda. Nimeruka, nimelia, nimebusu mtu nisiyemjua. Nimekosea kabisa: si kurusha, si kushoto, hata mnene hakuwa.

Bibi alinivuta shati nikae. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, ananipangusia ile bia mgongoni kwa skafu yake.

"Safi sana," akasema. "Leo umekosea kwa akili yako mwenyewe."

Mtumishi wako wa kiti cha pili,
Tibi